Usichague Ile Nzuri

Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa tatu, 2003

Saa moja ya asubui, foni, ile redio yetu ya kuitana hewani. Batri iko chini tena. Mvua imetukamata, jua hakuna, ile sahani ya jua juu ya nyumba iko pambo tu. Nikaita Nundu, bakajibu. Nikaita Kigoma, ng'ambo ya ziwa, makelele tu. Swima, pwani ya jirani, habakuongea. Balibonyeza kibonyezo mara mbili: tk-tk. Hii njo desturi yetu ku foni. Mwenye batri yake inakufa, ao mwenye kuogopa sauti yake isikike, anabonyeza mara mbili bila kusema neno. Maana yake: nimesikia, niko.

Mashini mpya, kompyuta, iko kimya chini ya kitenge. Barafiki ba kanisa balituma toka mbali, ikapita Bujumbura, ikafika mwezi uliopita. Ile ya zamani, yenye tuliitaka Muzee, ilikufa na maji. Bombe ilitoboa paa, mvua ikapata njia, Muzee akalowa. Maskini. Alikuwa na akili moja tu, lakini ilitutosha: programu ya barua za foni. Unaandika, modemu, kale kasanduku kenye kuunga mashini na foni, inalia, barua inapita hewani mpaka Bujumbura, pale banaituma Kigoma. Mwenye kusikiliza kwa wizi anasikia tu kama vyura wanagombana.

Sasa programu ile ya Muzee haipendi kufanya kazi mu mashini mpya. Inafunguka, kioo kinakuwa cheusi, kisha inaandika "accès refusé". Imekatazwa. Basi.

Si jambo dogo. Asende, mudogo wangu mwenye kuniita Yaya, dada mukubwa, iko Kigoma na boti ya kukodi, imejaa serumu ya kipindupindu, yale maji ya kutia mu mushipa. Hospitali yetu hapa Baraka inaingojea. Na kila mwenye foni toka hapa mpaka milimani anasikia sauti zetu, benye bunduki pia. Safari iliyopita nilimwambia kwa sauti, shuka Swima. Balimungojea Swima. Bakabeba yote, bakamuvunja mukono. Sasa amesema: bila barua ya kumuonyesha pwani gani imetulia, hatoke Kigoma. Iko na haki.

Aksanti ya leo. (Nimejipa hii sheria tangu vita ianze: kila siku nitafute moja, hata kama nauma meno.) Paa ilitoboka upande wa mashini, si upande wa foni.

Jumanne, tarehe 11

Bujumbura imepatikana. Yule wa zamani ameondoka, kuko fundi mupya, anaitwa Muhoza. Alisema "Baraka, bonjour", nikajua. Ile Kiswahili ya kuvuta, ya bantu ba juu, ba ng'ombe. Munyamulenge, wa kabila yenye vita imetugombanisha nayo.

 Siandike uongo mu kitabu changu mwenyewe: nilitaka kuzima. Nyumba yetu ya Fizi iliungua. Najua nyumba za kwao pia ziliungua. Najua ng'ombe zao zilizopotea, najua bantu bao benye balikufa. Kujua haitoe chuki.

Pasta Wilondja, mukubwa wa biro yetu, ofisi ya kanisa, alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Mama Neema, fundi ni fundi. Uliza." Nikauliza, na sauti kavu kama muhogo wa jana.

Muhoza akaeleza polepole. Programu ya Muzee imezoea kushika modemu yenyewe, kupitia mulango wa nyuma ya mashini pale waya inaingia. Mashini za zamani zilikuwa nyumba bila zamu, bila mulinzi, kila mwenye kupita anaingia. Hii mpya iko na zamu mukali. Programu inafika ku mulango, zamu anaifukuza. Dawa: niingie kama mukubwa wa mashini, administrateur, na neno la siri. Niweke kaprogramu kadogo kenye kuwa ku disketi yenye ilikuya pamoja na mashini. Nikape ruhusa ya ule mulango mumoja tu. Kisha mashini izime na kuwaka upya. Zamu ataiacha programu ipite.

Neno la siri liliwekwa kule Bujumbura, lakini hakulisema hewani. Aliniuliza kama niko na kitabu cha nyimbo cha kanisa. Niko nacho. Akanipa namba ya wimbo, ubeti wa pili, neno la kwanza, herufi ndogo.

Kumbe tunaimbaka kitabu kimoja. Sikufurahi kujua. Lakini ilibaki mu kichwa siku muzima.

Aksanti: kitabu cha nyimbo nilikimbia nacho. Sufuria niliacha.

Alhamisi, tarehe 13

Nimejaribu. Neno la siri likakubaliwa. Nikaingia mahali fulani, fasi yenye mashini yenyewe inakuonya usiguse, na kila hatua inauliza tena kama uko na hakika. Sina hakika!  Mashini ni ya kanisa, nikiharibu hakuna ingine. Nikaweka disketi. Nikaandika namba za mulango vile Muhoza alizisema. Nikaipa ruhusa. Ikaandika: sharti kuwasha upya.

Nikang'oa pensi ya batri, kile kibano cha waya, kama siku zote. Nikangoja kidogo, nikarudisha.

Kioo kikakuya cheusi na maneno meupe, eti nichague njia ya kuamka. Moja iliandikwa "Dernière bonne configuration connue". Hali nzuri ya mwisho yenye kujulikana. Nani angeiacha hiyo? Nikaichagua. Mashini ikaamka laini, bila kikohozi.

Nikafungua programu. Accès refusé.

Yooo!

Ijumaa, tarehe 14

Tena. Hatua zote, moja moja, na maombi kati. Nikang'oa, nikarudisha, nikachagua ile nzuri. Tena refusé.

Nalombe alikuya biro. Wifi yangu, nesi mukubwa wa hema za kipindupindu. Mikono yake inanuka klori mpaka ku kiwiko. Hakukaa. Akasema, "Mi napikia bantu maji ya chumvi na sukari. Mwenye anaweza kunywa, anapona. Mwenye hawezi kumeza, namuangalia." Jana ni mama mumoja wa Nundu. Alikufa anashika kidole cha Nalombe. Kisha akatazama mashini chini ya kitenge, akauliza, "Na hii inakulaka umeme sababu ya nini?"

 Nikamupa chai. Hakunywa.

Aksanti: Nalombe hakulia. Angelia, na mi ningelia, na kazi ingelala.

Jumamosi, tarehe 15

Siku mbaya. Naandika yote.

Papa Mmunga, zamu wetu, ananiona kila siku niko na ile disketi. Asubui akasema, "We Mama Neema, yule muntu anakuchezesha. Serumu ikifika kwetu, yeye anapata nini?" Nikamwambia anyamaze. Lakini neno lilishaingia, na mi mwenyewe nilishaliwaza kabla yake.

Nikajaribu tena. Nikang'oa, nikarudisha, nikachagua. Refusé. Ile ile herufi, fasi ile ile, kama hakuna mwenye aligusa kitu. Kaprogramu kale nikakatafuta, hakapo. Nimekaweka na mikono yangu, sasa hakapo! Nani anakatoa?

Nikakamata foni, nikaita Bujumbura, nikapiga kelele. Nilisema: unatuchezea? Unatupotezea siku juu ya kabila yetu? Bantu bakufe, njo unataka? Hewani. Nundu inasikia, Swima inasikia, milima inasikia.

 Kisha sauti yake, chini: "Mama, nimekusikia. Nitarudi Jumatatu saa hii. Bujumbura, terminé."

Terminé, maana yake amefunga foni. Hata hakunitukana. Ingekuwa afazali.

Aksanti ya leo sina. Kesho nitalipa mbili.

Jumapili, tarehe 16

Ku kanisa sikusikia mahubiri. Kwaya ikaimba wimbo ule, ule wa neno la siri. Nikafunga mudomo ku ubeti wa pili.

Ibada ilipoisha, Kigoma ikapatikana, muzuri kabisa, kama Asende iko mu chumba. Akaanza na kucheka: "Yaya, mashini imekushinda akili? Nikuletee mume wa kukusaidia?" Mupumbavu. Nilicheka, machozi ikatoka.

Kisha akaacha kucheka. Serumu iko ku jua, mwenye kukodisha boti anataka boti yake itembee, na bagonjwa habangoje. Kesho kutwa magaribi anatoka. Barua ikuwe, isikuwe. Na bila barua atakwenda kule anakujua, kule maji imetulia.

Hakutaja jina. Mi najua ni Swima, anawaza benye bunduki habangojee fasi moja mara mbili. Na bamama ba samaki balishaniambia: Swima kuko bantu benye bunduki banalala mu nyumba za bavuvi tangu juma lililopita.

Ningemwambia nini? Nikisema hewani usiende Swima, banasikia, banamungojea fasi ingine. Nikisema nenda fasi fulani, ni mi nimemupeleka mu mikono yabo. Nikamwambia tu ajifunike, baridi iko mingi ku maji. Akajibu, "Ndiyo, mama." Ananiitaka mama akiwa na woga, tangu alipokuwa mudogo.

Aksanti mbili. Moja: nimesikia kicheko chake. Mbili: Mungu haombwi ku foni, hakuna mwenye kusikiliza kati.

Jumatatu, tarehe 17

Saa ile ile Muhoza alikuya ku foni. Sikuamini. Nilikuwa nimejiambia hatarudi, na mi ningekuwa yeye nisingerudi.

Sikuomba musamaha. Sikuwa na mudomo. Yeye hakungojea. Alisema, leo usiniambie unaandika nini. Niambie yote unayofanya, toka kukaa mpaka kusimama, kama unanifundisha kupika foufou.

Nikamwambia. Natoa kitenge. Naweka pensi ku batri. Nangoja. Naweka neno la siri. Disketi, namba, ruhusa. Inasema iwashwe upya. Nang'oa pensi.

"Unang'oa nini, Mama?"

Pensi. Ya batri. Kila muntu hapa anang'oaka. Tangu vita hatuzimake kitu kwa adabu. Umeme ni wa foni, na foni ni ya hospitali, kwa hiyo kazi ikiisha unang'oa palepale. Bunduki ikilia unang'oa, unakunja, unakimbia. Muzee ulimung'olea hata katikati ya neno, na hakukasirika hata siku moja. Njo vile nilifundishwa, njo vile nimefundisha bengine.

 Kisha akauliza, ikiamka inakuuliza nini? Nikasema inauliza njia gani, na mi nachagua ile nzuri.

Nikasikia kitu ku foni. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, pole pole, kama muntu mwenye kutua muzigo.

Kumbe! Kumbe ni mi! Mashini yenye kung'olewa inafikiri imepatwa na ajali. Ikiamka inauliza: niendelee, ao nirudi kule nilikuwa salama mara ya mwisho? Na mi kila siku naijibu rudi. Inarudi. Inatupa kaprogramu, inatupa ruhusa, inatupa kazi yangu yote, sababu yote niliiweka wakati ile hali nzuri ilishapita. Hakuna mwenye alikatoa. Mi njo nilikatoa, na kidole changu, na moyo mweupe.

Muhoza akasema, "Mama, usichague ile nzuri. Zima na adabu, ingoje imalize yenyewe. Ikiuliza, sema iendelee." Halafu, kama anajisemea, akaongeza: "Lakini nakuelewa. Hata mi, kwa hii inchi yetu, ningechagua ile ya nyuma."

 Nikabonyeza mara mbili.

Kuko shida ingine. Batri yetu haina nguvu ya kungojea mashini izime kwa adabu. Inalia, inakufa katikati, na tunarudi kule kule. Magaribi nikaenda kwa Mama Bitondo wa kwaya. Kwaya iko na batri ya piano, inakaa ndani ya blanketi kama mutoto mucanga, hata Pasta haishike. Nilisema ni ya boti. Hakuniuliza boti gani. Aliiweka mwenyewe ku kichwa changu, na blanketi yake.

Aksanti: Mama Bitondo. Kwaya yote. Mungu abapatie piano ya pili.

Jumanne, tarehe 18

Lazima niandike yote.

Saa tisa nilianza, na batri ya kwaya. Neno la siri. Disketi. Namba za mulango. Ruhusa. Sharti kuwasha upya. Safari hii nikaenda fasi ya kuzima, nikabonyeza, nikatoa mikono. Ikaandika "Enregistrement de vos paramètres". Inaandika bitu byako, ungoje.

Njo pale bunduki zikalia.

Upande wa kilima, si mbali. Soko ikakimbia, nikasikia masahani yakianguka, bamama bakiita batoto. Papa Mmunga akaingia na mukeka wa kufungia mashini, anapiga kelele: "Ng'oa! Ng'oa twende!" Mukono wangu ulishafika ku pensi. Haukuniomba ruhusa, ulikwenda wenyewe, kama siku zote. Vidole vilishaishika.

Nikautoa. Nikaukalia. Kabisa, nikaweka mukono chini ya matako na nikakaa juu yake kama kuku. Nikamwambia Papa Mmunga, kimbia, mi nangoja. Hakukimbia. Alisimama mbele ya dirisha na ule mukeka, kama mukeka unazuia risasi. Mu maisha yangu sijamupenda muzee yule kama leo.

"Enregistrement." Bado. "Enregistrement." Ee Mungu, inaandika nini, Biblia muzima?

Ikazima. Yenyewe. Pap.

Bunduki zikaenda mbali, zikanyamaza. Nikawasha. Haikuniuliza kitu. Hakuna kioo cheusi, hakuna kuchagua nzuri ao mbaya, iliamka tu na kuendelea. Nikafungua programu ya Muzee. Modemu ikalia.

Vyura! Vyura byetu! Papa Mmunga akacheza na mukeka wake.

Nikaandika barua kwa Asende. Usiende Swima. Shuka fasi fulani. Ile fasi siiandike hata hapa.

Halafu kidole kikabaki juu ya kibonyezo. Barua inapita Bujumbura. Muhoza njo anaitoa hewani na kuituma Kigoma. Ataisoma. Atajua pwani, atajua kesho asubui, atajua mudogo wangu iko peke yake ku maji. Hii yote nilikuwa naijua tangu mwanzo, lakini nilikuwa nagombana na mashini, sikupata nafasi ya kuogopa. Mulango umefunguka, na ku mulango kunasimama yeye. Muntu mwenye nilimutukana mbele ya ziwa muzima.

Pasta alikuwa amekuya. Hakusema fundi ni fundi. Alikaa tu.

Nikawaza ile kucheka yake, ya kutua muzigo. Nikabonyeza.

Mbele ya jua kuzama vyura bikalia vyenyewe. Barua mbili. Ya Asende: "Nimepata Yaya. Natoka." Ya Muhoza, fupi: "Imepita. Kwangu nimeifuta."

Nikaisoma, nikaisoma. Nimeifuta. Ni neno tu. Anaweza kuandika lolote. Batri nimerudisha kwa Mama Bitondo, na blanketi.

Jumatano, tarehe 19

Amefika.

Mapema, ukungu bado ku maji. Tulikuwa pale, mi na Nalombe na bamama bachache na vitunga, tunajifanya bantu ba kununua samaki. Muntu mwengine hakukuya. Hakuna bunduki, hakuna sauti. Boti tu, na Asende mbele yake amejifunika blanketi kama bibi muzee.

Hakusema kitu cha maana. Alisema, "Yaya, unanuka samaki." Nikamupiga ku bega, ile nzima. Nalombe hakusalimia muntu. Alichukua karto ya kwanza ya serumu ku kichwa na akapanda nayo, karibu kukimbia, akalia njia yote bila kupunguza mwendo.

Mama mumoja wa samaki akaniambia saa sita: Swima bantu fulani balikesha ku muchanga, banangojea. Asubui bakaondoka na hasira na kuku za bantu.

Aksanti ya leo haiingii mu mustari. Naiacha hivi.

Alhamisi, tarehe 20

Usiku sikulala. Asende iko hai mu chumba cha pili, anakoroma kama mashini ya kusaga, na mi sina raha. Kumutukana, nilimutukana hewani. Aksanti yake nitaituma kwa barua, mu siri, mu sauti ya vyura? Hapana.

Saa moja, wakati bituo byote biko ku foni kwa salamu, nikaomba nafasi. Pasta akanitazama, akafunga mulango wa biro. Nikasema: huyu ni Mama Neema wa Baraka. Jumamosi nilimusema vibaya fundi Muhoza wa Bujumbura, mbele yenu bote. Nilikosa. Kosa ilikuwa ya mukono wangu, na yeye njo alinionyesha, na hakunirudishia tusi. Kuko bantu bazima hapa leo sababu yake. Fundi Muhoza, aksanti sana. Nimekutaja jina, mbele ya bote.

Si neno dogo hapa kwetu. Nilijua. Palepale sauti ingine, sijui ya wapi, ikasema, "Mama, ulinunuliwa na bei gani?" Na neno lingine, siliandike.

 Nikangojea matusi zaidi.

Tk-tk.

Ilikuwa Nundu, nadhani. Kisha ingine, mbali: tk-tk. Kisha ya tatu, na batri yake karibu kufa: tk-tk. Hakuna mwenye alisema jina lake. Zikaendelea, moja moja, zingine sijui hata ni za nani, labda za kule juu, milimani kwa bantu bake.

Mwisho Muhoza akajibu. "Nimepokea, Mama." Na akafunga: "Bujumbura, terminé."

Papa Mmunga alikuwa nje ya dirisha, anasikiliza. Hakunisalimia mpaka saa sita. Kisha akaniletea ndizi.

Jumapili, tarehe 30

Hema za Nalombe zimebaki na bagonjwa bachache. Jana alikuya biro, akakaa, akakunywa chai. Mbili.

Asende alirudi Kigoma juma lililopita, barua ilimutangulia, akatokea pwani ingine. Nilimupa furushi la ndakala kavu za hapa, vile visamaki vidogo vya ziwa, lipite mikono ya bantu ba kanisa mpaka Bujumbura, kwa Muhoza. Ni kitu kidogo. Sina kikubwa.

Ijumaa Muhoza akaandika, barua ya kwanza yenye haiko ya kazi. Ndakala zimefika, nyingi zimevunjika. Amezipa mama yake, mwenye anaishi naye pale mu chumba kimoja. Mama akazipika na mawese. Zamani, mbele ya vita, alikuwa anashuka Baraka siku za soko na siagi ku kichwa, anapanda na ndakala. Alionja, akaacha kijiko, akasema: ni za kule. Na tena anataka kunishukuru yeye mwenyewe ku foni, lakini anaogopa, sababu akifungua mudomo kila muntu atajua ni muntu wa wapi.

Labda nilinunua siagi yake. Nilikuwa naipenda sana, ile ya ndani ya majani. Sikuwa nauliza majina ya benye kuuza.

Leo ibada ilipoisha, foni. Muhoza akasema kuko muntu kando yake, hataongea. Nikasema karibu, Mama.

Tk-tk.

Kidogo sana, kama muntu mwenye hajashika kibonyezo maisha yake. Nikabonyeza na mi, mara mbili. Akabonyeza tena. Tukakaa vile kidogo, na batri inakwisha, na sikujali.

Halafu nikaenda kuzima mashini. Papa Mmunga akauliza nangojea nini mbele ya kitu chenye kinakwenda kulala. Nikamwambia bado inaandika. Akavuta kiti, tukangojea bote wawili mpaka ikamaliza.